Milioni 28 za Kulaza IST

Bei niliyotajiwa ni shilingi milioni 28. Kwa pesa hiyo napewa pa kuegesha gari langu, Toyota IST: mstatili wa mita 2.5 kwa 5, uliochorwa kwa rangi ya njano kwenye sakafu ya besimenti, ubavuni mwa nguzo, namba 17. Zidisha: mita za mraba 12.5. Gawanya: kila mita ya mraba shilingi milioni 2 na laki mbili na ushee. Nyumba yenyewe iko ghorofa ya sita, ina vyumba viwili, jiko, mabomba, madirisha ya alumini, na upepo wa bahari siku ambazo jirani hajaanika mazulia. Niliinunua milioni 260 kwa mita za mraba 86, yaani kama milioni 3 kwa mita. Kwa hiyo saruji tupu, isiyo na dirisha wala bomba, inauzwa karibu robo tatu ya bei ya mahali ninapolala mimi mwenyewe.

Kaka yangu ni mhasibu, na nilipompa hesabu hiyo alicheka mpaka akakata simu. Akapiga tena. "Yaani paking inaishinda gari bei?" Ndiyo, inaishinda, tena kwa mbali. Mtu akija leo na milioni 14 taslimu, IST yangu namkabidhi na funguo ya akiba juu. Pa kuilaza panauzwa mara mbili yake.

Hesabu ya namna hiyo inachekesha lakini haiamui kitu. Gari ni la leo. Nafasi, kama ni yako kweli, inabaki kwa gari la kesho na la atakayekuja kununua nyumba baada yako. Hilo "kama ni yako kweli" ndilo lililonikalisha wiki nyingi na makaratasi, na ndilo hasa ninalotaka kuliandika. Mengine nitayapitia.

Naishi Upanga, Dar es Salaam, si mbali na Barabara ya Umoja wa Mataifa. Wanaoikumbuka Upanga ya zamani watakwambia habari za nyumba za chini na za ghorofa moja zenye ua, mwembe na geti la chuma, nyingi zikiwa za familia zenye asili ya Kihindi. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ambayo mwaka 1990 iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba ambazo wenyewe walikuwa wanaishi humo zilisalimika. Katika ua wa nyumba zile kulikuwa na nafasi ya gari moja, na familia yenye gari moja ilijulikana mtaa mzima.

Sasa kiwanja kile kile kilichokuwa na familia moja na mwembe kina ghorofa kumi na moja na nyumba 36. Barabara iliyo mbele yake haikuongezwa hata hatua moja. Mitaro ni ile ile, na pembeni ndipo wanapokaa mama wa chapati, bajaji tatu, na lori la maji siku za mgao. Besimenti ina nafasi 24. Hata kila nyumba ingekuwa na gari moja tu, tayari kuna kumi na mbili zisizo na pa kwenda, na kuna nyumba pale zenye magari matatu.

Mwanzoni utaratibu ulikuwa anayewahi ndiye anayepaki. Ukitaka kujua ubaya wa utaratibu huo, angalia unavyowageuza watu tabia. Jirani yangu mmoja aliacha mazoezi ya jioni kwa sababu akirudi saa mbili usiku anakuta pamejaa. Mwingine alinunua gari bovu, akaliingiza kwa kusukumwa, likawa linamshikia nafasi. Asubuhi anatoa zima anaingiza bovu, jioni kinyume chake. Mlinzi alikuwa analipwa kwa kazi hiyo ya kusukuma, na nadhani ndiyo iliyokuwa inamlipa kuliko mshahara. Kisha ukaja ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la jengo: kampuni iliyojenga inauza nafasi za besimenti, moja moja, wakazi wapewe kipaumbele kabla ya kutangazwa nje. Kufikia jioni watu saba walikuwa wameandika namba wanazozitaka.

Nataka niitendee haki bei hiyo kabla sijaisema vibaya. Kuchimba besimenti Upanga si kazi ndogo. Uko karibu na bahari, maji ya ardhini yako juu, na fundi akichimba mita chache anakutana nayo. Lazima kuta zizuie udongo na maji, pampu zifanye kazi wakati wote wa ujenzi na baada yake. Halafu gari moja haliishii kwenye mita zake 12.5: linahitaji njia ya kuingilia, mteremko, na mahali pa kukatia kona. Ukigawanya besimenti nzima kwa idadi ya magari, mara nyingi kila gari linakula mita za mraba 25 hadi 35. Ukilitazama hivyo, anayekuuzia mstatili wa njano hajakupiga sana kama unavyofikiri. Amejenga eneo kubwa kuliko chumba chako cha kulala na sebule kwa pamoja ili wewe uegeshe.

Na huko nje kuna shida zake, nani asiyejua. Mchana mtaani unalipia ada ya maegesho kwa saa. Kijana anapita na kimashine, anapiga namba ya gari, deni linakufuata kwenye namba hiyo mpaka ulipie kwa kumbukumbu namba kwenye simu. Hilo silioni tatizo, barabara ni ya umma. Tatizo ni usiku. Usiku hapiti kijana wa kimashine, anapita mtu mwingine, na asubuhi unakuta saiti mira zimeng'olewa kwa ustadi ambao ungempatia ajira kwenye gereji yoyote. Wenye magari ya mjini wamezoea kuchonga namba ya gari kwenye vioo na taa ili zisiuzike. Langu limechongwa kila mahali mpaka gari linaonekana limeandikwa na watoto.

Basi nilishuka besimenti na futi kamba. Nashauri kila mtu afanye hivi kabla hajaanza hata kuongea bei, na asiende mchana wa Jumapili pakiwa patupu; aende saa mbili usiku. IST ina urefu wa kama mita 3.85 na upana wa mita 1.7 hivi. Kwenye mita 2.5 inaingia na mlango unafunguka. Lakini mita 2.5 ya kwenye karatasi si ya kwenye nguzo. Namba 17 ina nguzo upande wa kushoto, na ukipima kutoka ukingo wa nguzo mpaka mstari wa jirani unapata mita 2.28. Jirani mwenyewe ana Prado, gari lenye upana wa karibu mita 1.9, na kwa upana huo mlango wake haufunguki vizuri bila kuvuka mstari hata dereva akiwa malaika. Ina maana mimi natoka garini kwa kujikunja, au nashusha abiria kwanza. Mama yangu ana miaka 74 na goti baya. Akija kunitembelea atashukia juu, getini, kwenye jua.

Kingine nilichokitafuta ni alama ya maji ukutani. Ipo. Mstari wa rangi ya chai, kama sentimita ishirini kutoka chini, kwenye kona ya nyuma. Mlinzi aliniambia bila kuficha kwamba masika iliyopita umeme ulikatika, jenereta likachelewa kuwashwa kwa sababu dizeli ilikuwa imekwisha, na pampu haikufanya kazi. "Magari yalilowa miguu tu, mama," alisema. Miguu tu. Dizeli hiyo inanunuliwa kwa pesa ya huduma tunayochanga wote, na katika jengo letu kuna nyumba ambazo hazijachanga tangu zinunuliwe. Kwa maneno mengine, ukavu wa gari langu ungetegemea uungwana wa watu nisiowajua wa ghorofa ya tisa.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Tanzania ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na unachopata ni haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa kwenye hati: miaka 33, 66 au 99. Kwa watu wa maghorofa kuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, ya mwaka 2008, ambayo ndiyo inawezesha mimi kuwa na hati ya nyumba yangu peke yake ingawa kiwanja ni cha wote. Jengo linapimwa na kuchorwa, kila sehemu inapewa namba yake, na kinachobaki, yaani ngazi, lifti, paa, korido, tangi la maji, kinakuwa eneo la pamoja linalomilikiwa na wenye nyumba wote kwa hisa zao. Ukitaka kujua unamiliki nini, usisikilize alichosema mtu wa mauzo wala usiangalie rangi sakafuni. Angalia mchoro uliosajiliwa.

Na maegesho kwenye mchoro yanaweza kuwa ya namna tofauti. Inawezekana nafasi imepimwa na kupewa namba yake kama sehemu inayojitegemea. Hiyo unaweza kuinunua, kuiuza, hata kumrithisha mtoto. Inawezekana imefungwa kwenye nyumba fulani, ikawa kama stoo ya nyumba hiyo. Ukiuza nyumba inaondoka nayo. Na inawezekana besimenti nzima ni eneo la pamoja, halina namba hata moja, na mistari ya njano ni utaratibu tu wa kupanga magari yasigongane. Hapo hakuna cha kuuziwa. Kuna cha kukubaliana.

Nilienda ofisi ya msajili wa hati kufanya upekuzi wa kumbukumbu za jengo. Watu wengi wanaogopa neno hilo wakidhani ni jambo la mahakamani, kumbe ni kujaza fomu, kulipia na kusubiri majibu. Nilipoupata mchoro niliutandaza mezani kwa wakili aliyenisaidia wakati nanunua nyumba. Besimenti ilikuwa pale, kubwa, safi, imezungushiwa mstari mmoja. Ndani yake hakuna namba 17. Hakuna namba yoyote. Eneo la pamoja.

"Sasa hawa wananiuzia nini?" nilimuuliza.

Akaichukua rasimu ya mkataba niliyotumiwa na kampuni, akaisoma taratibu mpaka mwisho. Kichwa chake kiliandikwa mauziano, lakini ndani palikuwa na maneno "haki ya matumizi", na mwisho kulikuwa na ahadi ya kupewa barua ya uthibitisho. "Ukilipa hapa, dada, utakuwa umenunua urafiki na kampuni," alisema. "Siku kampuni ikimaliza shughuli zake kwenye jengo, urafiki huo utaudai kwa nani?"

Alinieleza hivi. Hilo eneo, kwa mchoro ule, ni letu wote thelathini na sita. Kampuni ina sehemu yake kwa kadiri ya nyumba ambazo bado haijaziuza, basi. Chama cha wamiliki kikishaundwa vizuri na kuanza kazi, kinaweza kukaa kikao na kusema nafasi zitapangwa kwa zamu, au kwa kura, au wenye magari mawili walipie la pili. Mimi na barua yangu ya milioni 28 tutakuwa na mkono mmoja wa kupiga kura kama wengine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe lilikuwa linasema mali si yangu kabla hata sijatoa pesa.

Nilimpigia mtu wa mauzo. Kijana mpole sana, mwenye salamu ndefu. Nikamuuliza kama kampuni iko tayari kwanza kurekebisha mchoro, besimenti ipimwe kwa namba, wamiliki wakubali, halafu ndiyo tununue. Akanyamaza kidogo. "Mama, mbona wenzako wote wamenunua hivi hivi?"

Hiyo hoja nimeifikiria sana, kwa sababu si ya kipuuzi. Katika mji huu vitu vingi vinasimama kwa sababu watu wote wamekubali visimame. Watu kumi na tano wakiwa wamelipa, kikao gani cha wamiliki kitawanyang'anya? Hao kumi na tano ndio watakaojaza viti. Kwa hiyo huenda barua ile ingelindwa na wingi wa waliolizwa pamoja. Lakini milioni 28 kulindwa na umoja wa majirani, mimi sikuweza. Tena hata kama hakuna atakayeninyang'anya, nitamuuziaje mtu mwingine? Nitamwonyesha nini? Barua, picha ya nguzo, na majina ya majirani?

Dalali aliyeniuzia nyumba, naye alisikia, madalali husikia. Alikuja na hoja ya pili: nyumba isiyo na paking haiuziki Upanga. "Mteja anauliza vyumba vingapi, jiko likoje, gari naweka wapi. Hapo kwenye gari ukisema sina, anakwambia atakupigia." Yuko sahihi kwa nyumba za vyumba vitatu na vinne. Anayenunua hizo ni familia, ina magari mawili na dereva. Yangu ni ya vyumba viwili, dakika chache kutoka Muhimbili kwa miguu, na watu wanaouliza kuipanga ni madaktari wanaosomea ubingwa, na wenye wagonjwa wanaohudhuria kliniki kwa miezi. Wengi wao hawana gari, au wana moja wanaloliacha hospitali. Kwa hiyo nafasi ingeongeza thamani, ndiyo, lakini si kwa milioni 28, na si kwa barua.

Pesa yenyewe ilikuwa ipo, ingawa si yote. Nilikuwa na kama milioni 19, iliyobaki ningekopa. Benki ilikataa kuitazama nafasi kama dhamana, na walikuwa na haki: hawana hati ya kushika. Walichonipa ni mkopo wa mshahara. Nilipiga hesabu ya mtu ambaye angekopa zote 28, kwa riba ya asilimia 16 na miaka mitano, kwa sababu najua wapo majirani waliofanya hivyo. Ni kama shilingi 680,000 kila mwezi, na mwisho wake unakuwa umelipa karibu milioni 41. Kwa milioni 41 unaanza kuangalia viwanja vya Kibaha na Bagamoyo vyenye hati, vya kutosha kuegesha mabasi.

Kaka yangu akaja na upande wa pili wa hesabu, na huu ndio ulionigeuza hasa. Tuseme zote 28 unazo. Hatifungani za serikali, yaani pesa unayoikopesha serikali kwa riba, za miaka 20 na 25, tangu mwaka 2021, zimekuwa zikitolewa kwa riba ya kuanzia asilimia 12 hadi karibu 16 kutegemea mwaka, na riba hiyo haikatwi kodi. Chukua 12, ya chini kabisa. Inakupa shilingi milioni 3 na laki 3 na elfu 60 kwa mwaka, sawa na 280,000 kwa mwezi. Kupanga nafasi ya gari maeneo yetu, nilivyoulizia, ni kati ya laki moja na laki moja na nusu. Tuseme 120,000. Serikali inakulipia paking na inakubakizia 160,000 ya mafuta na karanga.

"Lakini kodi ya paking itapanda," nilimwambia, kwa sababu kuna raha ya kumpinga mhasibu.

"Ipandishe asilimia 10 kila mwaka bila kukosa," akasema. Tukaipandisha. Inachukua mpaka mwaka wa kumi kodi kuifikia ile 280,000, na mfumuko wa bei nchini umekuwa chini ya asilimia 5 kwa miaka mingi, kwa hiyo asilimia 10 ni mwenye nyumba mchoyo sana. Ni kweli pia kwamba zile milioni 28 zitakuwa zinapungua nguvu huku nafasi ya besimenti ikipanda bei. Lakini ipande bei kwa nani? Tunarudi pale pale kwenye karatasi. Kitu kisichouzika hakipandi bei, kinakaa tu.

Shemeji yako, namaanisha mume wangu, aliuliza swali ambalo nilitegemea aulize mapema zaidi: kwani gari lenyewe tunalihitaji? Ofisi yangu iko Posta. Kutoka Upanga ni umbali wa kutembea asubuhi kama huna viatu vya adabu. Mwendokasi imekuwa ikipita Morogoro Road tangu Mei 2016, kituo cha Fire hakiko mbali, na bajaji unaiita kwa simu. IST yetu inatembea kama saa mbili kwa siku siku za kazi. Zilizobaki 22 imesimama. Zaidi ya asilimia 90 ya maisha yake ni kusimama, na mimi nilikuwa naumiza kichwa juu ya wapi isimamie.

Kitu kimoja kilinishangaza nilipokuwa nasoma habari hizi. Japani, tangu sheria ya mwaka 1962, mtu wa mjini hasajili gari mpaka aonyeshe cheti kwamba ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara, na siku hizi mahali hapo pasiwe zaidi ya kilomita mbili kutoka nyumbani kwake. Polisi wanakuja kupima. Sasa fikiria IST zilizojaa Dar: kila moja iliyotumika katika miji ya kule ilikuwa na kitanda chake kilichopimwa na kugongwa mhuri kabla haijapewa hata namba. Imevuka bahari, imefika Upanga, inalala nje ya ukuta na vioo vimechongwa. Sisemi tuige. Tukiweka sheria hiyo kesho, biashara ya vyeti feki itaanza keshokutwa. Lakini inaonyesha kwamba wenzetu waliamua swali la nafasi liulizwe kabla ya gari, na sisi tunaliuliza saa mbili usiku tukiwa tumewasha hazadi.

Mume wangu na mimi hatukukubaliana kuuza gari. Mama yuko Kibaha, goti lake linahitaji kliniki, na safari za Jumapili na magunia ya mkaa hazipandi mwendokasi. Gari litabaki.

Suluhisho lilikuwa ghorofa ya tatu. Pale anaishi mama mmoja mtu mzima, aliyezaliwa kwenye kiwanja hicho hicho, katika nyumba ya baba yake, moja ya zile zilizosalimika mwaka 1971 kwa sababu waliishi wenyewe. Familia iliingia ubia na kampuni: wao walitoa ardhi, wakapewa nyumba kadhaa ndani ya jengo. Na kwa sababu waliketi mezani kabla ya mchoro kuchorwa, wakadai pia nafasi nne za gari juu ya ardhi, nyuma ya jengo, chini ya paa la bati. Niliutazama tena mchoro. Zipo, kila moja na namba ya nyumba iliyofungwa nayo. Nafasi pekee za jengo zima zenye maandishi ni za watu walioujua mji huu vya kutosha kudai maandishi.

Mama huyo haendeshi tena. Nilimpelekea salamu, tukanywa chai ya tangawizi, na tukaongea kila kitu isipokuwa paking kwa karibu saa nzima. Halafu mwenyewe akasema, "Binti, nasikia unatafuta pa kuweka gari." Tulikubaliana 120,000 kwa mwezi, malipo ya miezi sita mbele, mkataba wa mwaka mmoja wenye kipengele cha kuongeza. Gharama za huduma za nafasi hiyo analipa yeye. Kuna masharti mawili aliyoyataka yaandikwe: nisioshee gari pale kwa sababu maji yanaingia kwenye bustani yake ya mchaichai, na kijana wake akija kutoka Mwanza nimpishe kwa siku atakazokaa. Nikaongeza la kwangu: anijulishe siku tatu kabla. Wakili alicheka kuandika mkataba wenye mchaichai ndani, lakini aliuandika.

Dalali haniongeleshi sana siku hizi. Kampuni imeshauza nafasi kumi na nane.

Ila jambo la besimenti halijaisha, maana mimi ni mmoja wa wenye eneo hilo la pamoja, lakini waliolipwa kwa ajili yake ni wengine. Tumeitisha kikao cha wamiliki mwezi ujao. Wapo wanaotaka mchoro urekebishwe, nafasi zipimwe na zisajiliwe, waliolipa walindwe na pesa iliyopatikana, au sehemu yake, irudi kwenye mfuko wa jengo kununulia pampu ya pili. Wapo waliolipa ambao hawataki kikao kabisa, wanaogopa tutaamsha waliolala. Mimi nitaunga mkono kupima, hata kama kutanipandishia kodi ya mchaichai. Kama katika jengo lenu mmeshapitia hili, mkapima besimenti baada ya hati kutoka, niandikieni mliwashawishije wale wasio na gari kupiga kura ya ndiyo. Kwetu ni nyumba tisa, na bila wao hatufiki popote.